Muulize Somo: Stika za Mikebe ya Jikoni

Mwezi uliopita niligusia, kwa sentensi moja tu, kwamba hapa dukani kwangu Malindi, baina ya maandishi ya tuktuk moja na nyingine, huwakatia kina mama majina ya mikebe yao ya jikoni. Sentensi hiyo imeniletea barua nyingi kuliko yote niliyopata kuandika juu ya mapazia. Nimechukua hizi tano. Walioniuliza bei wanisamehe. Bei hutegemea ukubwa wa herufi na aina ya stika, na kila fundi ana yake.

Salaam Somo. Nilinunua mikebe kumi na miwili ya plastiki yenye vifuniko vya kubana, nikakatiwa majina kwa stika nyeusi: SUKARI, MCHELE, UNGA, MAJANI na kadhalika. Haikupita wiki mbili, U ya SUKARI ikaanza kuinuka ncha, sasa imeondoka kabisa na inasomeka S KARI. Fundi ananiambia naosha sana. Mimi nasema stika yake ni duni. Nani mkweli?
*Mwenye mikebe, Langoni, Lamu*

Msigombane bado. Chukua mkebe mmoja, ugeuze, uangalie kitakoni. Kuna pembetatu ya mishale yenye nambari ndani yake. Mikebe ya kubana mara nyingi huwa na 5, yaani polipropilini. Ukikuta 2 au 4, hiyo ni polithini. Zote hizo ni plastiki nzuri kwa jikoni, nyepesi na hazivunjiki ovyo, lakini uso wake hukataa gundi na hukataa rangi pia. Hata ukiletewa stika ya Ujerumani, juu ya uso ule itakusumbua.

Jionee mwenyewe. Osha mkebe wako pamoja na chupa moja ya kioo, viache vikauke kabisa, kisha dondosha tone la maji juu ya kila kimoja. Kwenye kioo kisafi tone litalala, litandae. Kwenye mkebe litajikusanya lisimame duara, na ukiinamisha kidogo litateleza liende zake, nyuma yake pakavu. Gundi nayo ndivyo inavyofanya. Isipotandaa haishiki, inakaa juu juu tu, na herufi yenye ncha nyingi au mguu mwembamba ndiyo ya kwanza kuaga. U ina ncha mbili zinazotazama juu, na hapo ndipo vidole vyako hupita kila unapofungua kifuniko.

La pili ni mafuta. Jikoni kwetu pwani karai la mahamri halipoi, likitoka hilo laingia la viazi vya karai, na mvuke wa mafuta hutua kwenye kila kitu kilicho rafuni. Pitisha kidole juu ya mkebe uliokaa wiki moja karibu na jiko utajua nasema nini. Mkebe mpya nao si msafi: umetoka kiwandani na utelezi wake, ukashikwashikwa dukani. Sabuni peke yake haitoshi, hasa zile za vyombo zinazojisifu kulainisha mikono, maana hicho kinacholainisha mikono hubaki juu ya plastiki.

Kwa hiyo fanya hivi. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya kawaida, suuza sana, kausha. Kisha futa mahali pa stika kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, na ukishafuta usipaguse tena kwa kidole. Spiriti nazo zatofautiana, nyingine hutiwa mafuta kidogo kwa ajili ya ngozi. Paka tone kwenye kioo. Ikikauka ikaacha utando, hiyo iache kwa ajili ya vidonda. Bandika stika, kandamiza kwa kadi ngumu ya plastiki ukianzia katikati kwenda pembeni, tena kandamiza kweli, maana gundi ya stika huamshwa na nguvu za mkono. Halafu mkebe usione maji siku tatu. Gundi huendelea kushika polepole baada ya kubandikwa. Aliyebandika asubuhi akaosha jioni ameikatiza njiani. Baada ya hapo osha kwa mkono na upande laini wa sponji. Usiroweke, na sugurio la waya liache kwa masufuria.

Mikebe yako kumi na miwili haifai kutupwa. Rudi kwa fundi umwombe akukatie kinyume: badala ya herufi moja moja, akate kibandiko kimoja cha mstatili chenye pembe za mviringo, na herufi ndizo ziwe matundu ndani yake. Neno litasomeka kwa rangi ya mkebe. Kibandiko kizima kina eneo kubwa la kushika na hakina ncha za kuinuka, na kwenye plastiki ya nambari 5 hudumu kuliko herufi zilizo peke yake. Mikebe mingine utakayonunua, chagua kioo, bati, au plastiki ya nambari 1 ambayo ni ya chupa za maji. Hizo hupokea gundi bila ubishi.

Na fundi wako ana lake la kujibu. Anayekata majina bila kuuliza yatabandikwa juu ya nini, mimi singempa hata mlango wa choo aandike.

Assalam aleikum Bi Somo. Nyanyangu hapa Shela alisoma chuo cha Kurani tu, herufi za kizungu hazimkai. Kiswahili chake chote huandika kwa herufi za Kiarabu. Ana chupa za kioo za bizari zilizofanana kama mapacha, na juzi alituwekea bizari nyembamba ya unga kwenye chai akidhani ni mdalasini. Wageni walikunywa kwa heshima. Mashine yaweza kukata herufi zake? Kijana mmoja alijaribu, kila herufi ikatoka imesimama peke yake na mistari imekatika.
*Mjukuu, Shela*

Waaleikum salaam, na wageni hao wapewe pole zangu. Barua hii nimeipenda kuliko zote.

Mashine haijui lugha. Ni kisu kidogo kinachofuata mstari. Ukikipa mstari wa ua kitakata ua, ukikipa herufi mim kitakata mim. Tabu iko kwenye kompyuta kabla ya kufika kwa kisu, nayo ni ya namna mbili. Ya kwanza ni programu isiyojua kwamba herufi za Kiarabu hushikana mikono. Huziandika moja moja, na nyingine huzipanga kutoka kushoto. Ya pili ni pale herufi zinapoonekana zimeshikana kwenye skrini, kumbe zimelaliana tu. Kisu hufuata mzingo wa kila moja, basi kila kiungo hukatwa katikati. Hiyo ndiyo mistari iliyokatika ya kijana wenu.

Dawa yake ni programu ya Inkscape, ambayo hupakuliwa bure. Mwambie aandike neno humo, aligeuze kutoka maandishi kuwa mchoro, kisha aunganishe vipande vyote viwe kitu kimoja. Neno litatoka na mzingo mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, isipokuwa nukta.

Na nukta ndizo zenyewe. Ukishakata stika, kinachofuata ni kuchambua, yaani kung'oa ile stika ya ziada inayozunguka maneno ili yabaki maneno tu juu ya karatasi yake. Kwa neno kama CHAI la herufi za kizungu, unashika pembe unavuta, kazi imekwisha. Kwa pilipili ya herufi za Kiarabu kila p ina nukta tatu chini yake, na kila nukta ni kipande kidogo kuliko punje ya mtama kilichojisimamia peke yake. Ukivuta kwa pupa huondoka nazo, zikajibandika kwenye kidole chako, na kuirudisha nukta mahali pake ni kazi ya sonara. Mimi huvuta stika ya ziada nikiikunja ijilalie yenyewe, chini kabisa karibu na karatasi, si kuinyanyua juu, na kwa mkono wa pili huitangulia na ncha ya sindano nikibana kila nukta mpaka mvuto umepita. Nukta isiwe ndogo kuliko milimita 3. Na ile nukta ya umbo la almasi, ambayo ndiyo ya kalamu ya mwanzi, kwa macho ni nzuri, lakini ina pembe nne na kila pembe ni mahali pa kuinukia. Kwa jikoni ziwe duara.

Lakini mwanangu, nina shauri bora kuliko hili lote. Mpe nyanya karatasi nyeupe na kalamu nene ya wino mweusi, aandike mwenyewe: mdalasini, iliki, karafuu, bizari nyembamba, pilipili manga. Aandike kwa ukubwa, kila neno karatasi yake. Atajua mwenyewe wapi atie irabu na wapi asitie, na ch na v ataziandika kwa namna aliyofunzwa, maana si wote huziandika sawa. Piga picha karatasi zikiwa zimelala kwenye mwanga wa kivuli, si juani, uzipeleke Inkscape. Ndani yake kuna kifaa cha kufuatisha picha na kuigeuza mchoro; huichukua hata ile mikunjo ya mkono wake. Fundi asafishe vumbi lililofuatishwa bila kukusudiwa, anenepeshe mstari wowote uliopungua milimita 2, akate. Chupa zitakuwa na mwandiko wake, na hatahitaji kuambiwa kipi ni kipi.

Rangi: kwa kioo angalia kilicho ndani. Karafuu na pilipili manga ni vyeusi, stika nyeusi itapotea, weka nyeupe. Unga na chumvi kinyume chake. Lakini chupa haijai siku zote, na inapobaki robo, herufi husomeka dhidi ya kilicho nyuma ya chupa. Rafu ya ukuta mweupe itaimeza stika nyeupe. Ndiyo maana mimi hubandika chini, robo ya kwanza kutoka kitakoni, ambako bizari ndiko inakoishia.

Ibandike nje ya chupa. Hakuna haja ya kugeuza maneno kama kwenye kioo cha kujitazama. Hilo hufanywa kwa stika inayobandikwa upande wa ndani ili isomwe kutoka nje, kama dirisha la duka. Chupa ni mviringo, kwa hiyo usianze pembeni. Tia utepe wa karatasi kuzunguka chupa uwe mstari wako wa kunyooshea, gusisha katikati ya neno kwanza, halafu lala nalo kulia na kushoto. Ile teipu ya kuhamishia, ambayo mafundi huiita transfa, inayoyabeba maneno kutoka kwenye karatasi yake hadi kwenye chupa, ikikataa kuukumbatia mviringo, ikate kwa mkasi sehemu mbili tatu baina ya maneno.

Ukiamua kuagiza kutoka huku Malindi, mwambie fundi asiikunje. Gari hupita Garsen na Witu hadi Mokowe, na buti lake ni tanuri. Stika iliyokunjwa ikapata joto hubaki na kovu la mkunjo. Izungushwe kwenye bomba la karatasi ngumu, upande wa rangi ukiwa nje, ndipo iingie botini kuvuka.

Wewe Somo wawapoteza wake zetu. Utepe wa karatasi na biro havitoshi? Marehemu mama alikuwa na mikebe ya mafuta isiyo na jina lolote na hakupata kutia chumvi kwenye uji.
*Mume wa mtu, Mkomani*

Mama alikuwa peke yake jikoni mwake, Mola amrehemu. Leo jiko lina mke, dada wa kazi, mtoto wa shule anayejipikia chai, na wewe unapotafuta sukari saa tano za usiku.

Hata hivyo nusu ya neno lako nakupa. Utepe na kalamu ndiyo stika bora ya kitu kinachobadilika: samaki wa kwenye friza, tui lililobaki, achari ya wiki hii. Andika na tarehe. Kukata stika kwa kitu kitakachoisha Ijumaa ni kutupa pesa. Na hata kwa mikebe ya kudumu, si lazima kila kitu kiwe na jina. Tambi zaonekana. Maharagwe yaonekana. Majina wape wanaofanana: sukari laini na chumvi, unga wa ngano na wa muhogo, hamira na magadi, na bizari zote za unga. Mke wako akileta orodha ya vitu thelathini, ipunguze kwa kigezo hicho, si kwa kigezo cha marehemu mama.

Kitu kimoja mwambie: jina libandikwe kwenye mwili wa mkebe. Vifuniko hubadilishana wenyewe siku ya kuosha vyombo.

Dada Somo, nimemaliza shule, niko nyumbani Barani. Nataka kuanza biashara ya stika za mikebe, hasa seti za maharusi. Ninunue mashine gani?
*Mwenye nia, Malindi*

Usinunue mashine. Bado.

Nenda kwa fundi mwenye plota, ile mashine kubwa ya kukatia stika; wapo mjini wanaoandika magari na mabango. Roli zao nyingi zina upana wa sentimita 61 au 122. Mwambie unataka kipande cha rangi moja, sentimita 30 kwa 61. Ukikata majina ya urefu wa sentimita 10 na kimo cha 3, ukaacha sentimita moja baina yake na kidogo pembeni kwa ajili ya magurudumu ya mashine, yanaingia 35. Hizo ni seti mbili za maharusi na ziada ya kuharibu. Mpelekee kazi iliyokwisha kupangwa, yeye akate tu, na kuchambua ufanye wewe nyumbani. Mafundi hawapendi kuchambua, na hapo ndipo kazi yote ilipo. Nao wana mabaki ya roli yanayotupwa ambayo kwa tuktuk hayafai lakini kwa mkebe ni mali.

Ukiwa na wateja wa kujirudia ndipo uangalie mashine za mezani. Cricut na Silhouette Cameo ndizo zinazojulikana, na zile za kawaida hukata upana wa takriban sentimita 30, ambao kwa mikebe watosha. Tofauti itakayokugusa ni kwamba programu ya Cricut hutaka akaunti na, kwa kazi nyingi, intaneti. Ya Silhouette hufanya kazi bila mtandao. Pima mtandao wa mtaa wako ndipo uamue.

Kisu kijaribu kila unapobadilisha roli. Kata mraba mdogo pembeni. Kisu chatakiwa kikate stika na kuacha karatasi ya nyuma nzima. Ng'oa mraba, geuza karatasi: ukiona mkato umetokeza upande wa pili, kisu kiko ndani mno. Mraba ukigoma kutoka pembe zake, kiko juu mno au kimeisha makali. Herufi chagua nene na wazi. Zile za mikia na mapambo kwenye kadi ya harusi zapendeza, lakini kwa kimo cha chini ya sentimita moja zitakukatikia mkononi.

Uliza pia aina ya stika. Ipo ya kudumu, yenye kung'aa, kama Oracal 651, ambayo ndiyo ya chombo kinachooshwa. Ipo ya kubandika ukutani, kavu isiyong'aa, kama 631, na hiyo gundi yake imetengenezwa makusudi iachie. Ukimpa bibi harusi hiyo ya pili kwa mikebe, mwezi wa asali haujaisha atakupigia simu. Roli nyingi zinazouzwa huku hazina jina lolote, basi nunua kipande kidogo, kibandike kwenye glasi ya nyumbani kwenu, ioshwe wiki nzima na kila mtu.

Somo, nahamisha vitu na majina ya zamani sitaki. Nayatoaje bila kuchubua chupa? Na je, mapya naweza kuyabandika ndani ili yasioshwe?
*Mhamaji, Maweni*

Ndani, hapana. Stika na gundi yake havikutengenezwa vikae na chakula, na chumvi ya huku kwetu hulowa ikala kila kitu.

Kutoa ni rahisi. Pasha moto kwa draya ya nywele mpaka stika ilegee. Huna draya, tia maji ya moto ndani ya chupa ungoje, ila kioo kibaridi usikimiminie maji yanayochemka, kitapasuka. Inua pembe kwa ukucha, vuta polepole. Gundi itakayobaki ipake mafuta, hata ya nazi, uache yaingie, kisha sugua kwa kitambaa uoshe kwa sabuni. Chupa ikikauka futa kwa spiriti, kwa sababu hayo mafuta uliyopaka ndiyo yatakayoibandua stika mpya.